Dobi aliyewatangulia madaktari wa Liverpool

Mwaka 1847 watu wapatao 300,000 waliokimbia njaa ya Ireland walishuka katika bandari ya Liverpool. Wengi walivuka bahari kwenda Marekani. Waliokosa nauli walibaki, wakajibana katika mitaa ya Vauxhall, hatua chache kutoka gatini.

Vauxhall ilikuwa imeshafurika hata kabla yao. Nyumba zilizunguka nyua nyembamba zisizopitisha upepo, vyoo vikichangiwa na ua mzima, na maelfu ya watu walilala katika vyumba vya chini ya ardhi vyenye unyevu. Tayari mwaka 1842 ripoti ya Edwin Chadwick ilikuwa imetaja wastani wa umri wa kufa katika familia za vibarua wa Liverpool: miaka 15. Kwa matabaka ya juu ulikuwa 35. Vifo vya watoto wachanga ndivyo vilivyoshusha sana hesabu hiyo, lakini hilo halimfariji mzazi yeyote.

Ikaja taifasi. Mgonjwa alishikwa na homa kali na vipele, akaweweseka, na wengi hawakuinuka tena. Watu waliiita homa ya Waairishi, kana kwamba ugonjwa una kabila. Meli zilitiwa nanga mtoni Mersey ziwe hospitali. Mapadri Wakatoliki 10 waliokuwa wakiingia vyumbani kuwahudumia wagonjwa walikufa mwaka huohuo.

Januari 1 ya mwaka huo Dk. William Henry Duncan alikuwa ameanza kazi kama mganga mkuu wa mji, wa kwanza nchini Uingereza. Kama wenzake wengi, aliamini maradhi huletwa na hewa chafu. Imani hiyo ilikuwa na kosa, ila ilizaa matunda: vyumba vya chini vilifungwa, na mhandisi James Newlands akajenga mtandao wa mifereji ya majitaka. Kwa kipindupindu, mifereji hiyo ndiyo iliyokuwa dawa. Kwa taifasi, adui alikuwa kwenye nguo.

Na nguo zilikuwa na mtu wake. Kitty Wilkinson, mzaliwa wa Ireland, alikuwa na sufuria kubwa la kuchemshia maji nyumbani kwake Denison Street. Kipindupindu kilipoingia mwaka 1832, aliwaruhusu majirani walitumie kufulia mashuka na nguo za wagonjwa kwa peni moja kwa wiki. Juhudi hizo zilichangia kufunguliwa kwa nyumba ya umma ya kufulia Frederick Street mwaka 1842, na baadaye yeye na mumewe wakapewa kuisimamia.

Maji yaliyochemka huua chawa, na chawa wa nguo ndiye hueneza taifasi. Charles Nicolle alilithibitisha hilo mjini Tunis mwaka 1909, miaka 49 baada ya Kitty kufariki. Duncan anastahili heshima aliyopewa, lakini katika suala la taifasi, kazi iliyolenga shabaha ilikuwa ya dobi.