Gobo Aliyeachwa: Bambi kutoka Riwaya hadi Filamu

Felix Salten, mwandishi Myahudi wa Vienna, alichapisha Bambi kama kitabu mwaka 1923. Wanazi walikipiga marufuku mwaka 1936. Mwaka 1942 studio ya Walt Disney ikatoa filamu ya katuni, na tangu hapo watoto wengi wamemwona paa huyo kwenye skrini kabla ya kumsoma.

Waliomsoma kwanza humkosa Gobo. Katika riwaya, binamu huyu dhaifu wa Bambi huokotwa thelujini na mwanadamu, hufugwa, kisha hurejea msituni na ukanda shingoni, akijigamba kwamba binadamu ni mwema. Siku moja hamkimbii mwindaji, naye hupigwa risasi. Filamu imemfuta, ikaleta sungura Thumper na kicheche Flower, ambao si wa Salten. Pamoja na Gobo limetoweka swali la anayemwamini mtesi wake. Na kwa mwandishi ambaye baadaye alikimbilia Uswisi, swali hilo halikuwa la kitoto.

Wanyama wa Salten humtaja mwanadamu kwa kiwakilishi tu, Er, kwa herufi kubwa, kama atajwavyo Mungu. Kiswahili kingeandika Yeye. Ila kwa kuwa wanyama nao huchukua upatanisho wa a-/wa-, sarufi ingewaweka mwindaji na mwindwa ngazi moja. Filamu humficha mwindaji kabisa. Riwayani huonekana, tena akiwa maiti: paa mkuu, mzee wa msitu, humpeleka Bambi aitazame.