Utani Usio na Mtani: Mzaha wa Redioni na Hasira ya Umma, Kigali 1993–1994 na Nairobi 2021

1. Utangulizi

Mwezi Machi 2021, jijini Nairobi, watangazaji watatu wa kipindi cha asubuhi cha Homeboyz Radio walipoteza kazi kwa sababu ya mzaha. Miaka 27 kabla yake, jijini Kigali, watangazaji wa kituo kingine waliwachekesha wasikilizaji kwa miezi kadhaa, na hakuna hata mmoja aliyefukuzwa. Makala haya yanakusudia kuyalinganisha matukio hayo mawili. Hayadai kwamba yana uzito mmoja: la kwanza lilihusu matusi juu ya mwanamke mmoja aliyeumizwa, na la pili liliishia katika mauaji ya halaiki. Hoja yetu ni nyembamba zaidi. Inasemekana mara nyingi kwamba jamii inayokasirikia mzaha ni jamii isiyojua kucheka. Makala haya yanashikilia kinyume chake, na yanaanza na ushahidi wa lugha yenyewe.

2. Utani, mzaha na dhihaka

Kiswahili kina maneno mengi katika uwanja huu: utani, mzaha, masihara, kejeli, kebehi, dhihaka. Kamusi huyafafanua moja kwa jingine, kana kwamba ni visawe. Sarufi, hata hivyo, inayatenganisha. Neno *mtani* ni jina la uhusiano, kama *jirani* au *shemeji*: nikiwa mtani wako, nawe ni mtani wangu. Hakuna mtani wa upande mmoja. Kwa hiyo kitenzi *kutania* huelekea kwa urahisi umbo la kutendana, *kutaniana*. Dhihaka haiendi hivyo. Ina mwenye kudhihaki na mwenye kudhihakiwa, na wa pili hana jina lingine ila hilo la kutendewa.

Mila zinathibitisha yale yanayoonyeshwa na sarufi. Utani baina ya makabila ya Tanganyika, kama Wahehe na Wangoni waliopigana katika karne ya 19, au Wachaga na Wapare, umeandikwa na wataalamu tangu miaka ya 1940. Maelezo yao yanakubaliana juu ya jambo moja: utani ni haki iliyofungamana na wajibu. Penye msiba mtani huruhusiwa kusema maneno ambayo mwingine angepigwa kwa kuyasema. Lakini huyo huyo ndiye anayechimba kaburi, anayepika na anayewanyamazisha wafiwa. Anacheka akiwa na jembe mkononi. Hata katika mpira, Simba na Yanga huitwa watani wa jadi kwa sababu kila mmoja hujua kwamba zamu ya kuchekwa itamfikia.

Basi utani una masharti matatu: anayetaniwa awepo, aweze kujibu, na anayetania awe na deni kwake. Redio, kwa maumbile yake, huyaondoa yote matatu kwa pamoja. Mtangazaji hamwoni anayemsema. Anayesemwa hana kipaza sauti. Na deni la mtangazaji liko kwa mwenye kituo na kwa mwenye tangazo la biashara, si kwa yule anayechekwa.

3. Kigali: kicheko kilichotangulia

Radio Télévision Libre des Mille Collines, au RTLM, ilianza kurusha matangazo tarehe 8 Julai 1993. Jina lake lilitaja televisheni, lakini ilibaki kuwa redio. Radio Rwanda, chombo cha serikali, ilijulikana kwa lugha yake nzito na taarifa ndefu za viongozi. RTLM ilikuja na kitu kipya: muziki wa Kinshasa, simu za wasikilizaji, mazungumzo yasiyoandikwa, na vichekesho kwa Kinyarwanda cha mtaani. Kantano Habimana, aliyependwa kuliko watangazaji wote wa kituo hicho, alikuwa fundi wa maneno. Hata wapinzani wa kituo walimsikiliza.

Hapa ndipo penye somo. Chuki haikuingia kwa sauti ya ukali, iliingia ikicheka. Neno *inyenzi*, yaani mende, lilikuwa limetumika tangu miaka ya 1960 kuwataja wapiganaji waliovuka mpaka. Katika RTLM lilipanuliwa mpaka likawafunika raia wa Kitutsi. Mwanaisimu ataona jambo moja zaidi: katika Kinyarwanda watu hukaa katika ngeli ya *umu-/aba-*, ilhali neno hilo liko nje ya ngeli hiyo. Mzaha ulimhamisha jirani kutoka katika ngeli ya watu, na kila aliyecheka alikuwa amekubali uhamisho huo.

Je, hakuna aliyekasirika? Alikuwako. Faustin Rucogoza, waziri wa habari, alikionya kituo hicho rasmi mwezi Novemba 1993, kisha tena mwezi Februari 1994. Lakini RTLM ilikuwa na wenye hisa wakubwa, akiwamo Rais Juvénal Habyarimana mwenyewe, na maonyo ya waziri hayakuwa na nguvu nyuma yake. Tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya rais iliangushwa. Siku iliyofuata Rucogoza aliuawa. Katika muda wa siku zipatazo 100 watu wanaokadiriwa kuwa 800,000 waliuawa, wengi wao Watutsi, na kituo hicho kikiendelea kutaja majina ya watu na mahali walipojificha. Tarehe 2 Julai 1994 Habimana alikuwa bado anawaalika wasikilizaji washangilie kwamba adui amemalizika. Sauti ilikuwa ile ile ya 1993. Kicheko kilikuwa kile kile.

Sheria ilifika baada ya makaburi. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, ilimhukumu mtangazaji Georges Ruggiu miaka 12 mwezi Juni 2000, baada ya yeye kukiri makosa. Tarehe 3 Desemba 2003 iliwatia hatiani waanzilishi Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Mwaka 2007 rufaa ilizifuta baadhi ya hatia na kupunguza adhabu zao. Mtangazaji Valérie Bemeriki, aliyekimbilia Kongo, alikamatwa mwaka 1999 katika milima ya Minembwe, na mwaka 2009 mahakama ya gacaca ilimpa kifungo cha maisha. Kwa hiyo msomaji wa Kilembwe hawezi kusema kwamba kisa hiki ni cha mbali: mmoja wa wenye sauti hizo alipatikana katika milima ya jirani.

4. Bukavu: redio iliyosikiliza

Haifai kuhitimisha kwamba redio ina ubaya wa asili. Mwezi Agosti 1994, wakati zaidi ya wakimbizi milioni moja walikuwa wamevuka kuingia Zaire, Radio Agatashya ilianza kutangaza kutoka Bukavu. *Agatashya* ni ndege mbayuwayu. Ilisema na wakimbizi na wenyeji, habari zake zikilenga kuwasaidia watu wajue yaliyotokea na walipo ndugu zao. Haikuwa na vichekesho vya RTLM, wala wenye hisa wake. Ilinyamazishwa na vita mwezi Oktoba 1996. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa taasisi ya Uswisi, Fondation Hirondelle, ambayo pamoja na Umoja wa Mataifa iliianzisha Radio Okapi tarehe 25 Februari 2002.

5. Nairobi: hasira iliyofika mapema

Turudi Nairobi. Mwanamke kijana alieleza kwamba alisukumwa kutoka ghorofa ya 12 ya jengo la katikati ya jiji, baada ya kumkatalia mwanamume. Alinusurika na majeraha makubwa. Katika kipindi chao cha asubuhi, Shaffie Weru, Neville Muysa na DJ Joe Mfalme waliligeuza jambo hilo kuwa la kuchekesha, wakidokeza kwamba kosa lilikuwa la mwanamke aliyejirahisisha. Mwenyewe alikuwa bado majeruhi. Masharti yote matatu ya utani yalikuwa yamevunjwa.

Hasira ilipanda kwa saa, si kwa miezi. East African Breweries ilisimamisha matangazo yake kituoni hapo. Radhi ziliombwa, lakini hazikutosha. Kituo kiliwaachisha kazi watangazaji wote watatu. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilikitoza kituo faini ya shilingi milioni 1, ikakisimamisha kipindi hicho kwa miezi 6, na kuagiza wafanyakazi wapewe mafunzo juu ya masuala ya jinsia.

Wako waliosema kwamba adhabu ilizidi kosa, na hoja yao haipaswi kudharauliwa. Serikali nyingi za ukanda huu zimevifunga vituo kwa jina la heshima, huku zikikusudia kuzima ukosoaji. Lakini Nairobi haikuanzwa na serikali. Ilianzwa na wasikilizaji, na wengi wao walikuwa wanawake waliomjibia yule asiyeweza kujibu. Walichukua nafasi ya mtani.

6. Hitimisho

Tofauti ya Kigali na Nairobi haiko katika ucheshi wa watangazaji. Iko katika nani aliweza kusema *hapana*, na kama aliyesema alisikilizwa. Kigali alikuwa waziri mmoja, peke yake. Nairobi ulikuwa umma, ukisaidiwa na hofu ya mfanyabiashara kupoteza wateja.

Lakini hapo pana swali kwa wasomaji wa teritwari ya Fizi. Katika redio ndogo za nchi yetu hakuna kampuni ya bia itakayoondoa tangazo lake, na Baraza Kuu la Sauti na Picha na Mawasiliano, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, lina makao yake Kinshasa. Katika milima ambamo Wabembe, Wafuliiru, Wanyindu na Wanyamulenge wamezikana na kupigana, mzaha juu ya jirani hauwezi kungoja barua ifike mji mkuu.

Dawa iliyo karibu ni ya zamani. Sheria ya habari ya Kongo ya tarehe 22 Juni 1996 iliitambua haki ya kujibu: anayetajwa kwa ubaya apewe nafasi pale pale alipotajwa. Mwanasheria huiona kuwa kifungu kidogo. Mwanaisimu huitambua kwa jina lingine: ni kiambishi *-an-* kinachorudishwa katika kitenzi. Kituo kinachomfungulia kipaza sauti yule kilichomcheka kimegeuza dhihaka kuwa utani. Kituo kinachokataa, hata kama kinachekesha, kimekwisha kuanza kumhamisha mtu kutoka katika ngeli yake.