WEMBE UNA JINA LA TAJIRI, MPINI HAUNA JINA LA MTU

Kabla ya mashine za saluni, wanaume walinyolewa kwa wembe wa kukunja. Leo tuyaache makali, tuongelee mpini. Stori iko huko.

Kitovu kimojawapo cha wembe huo kilikuwa Sheffield, Uingereza. Miaka ya 1740 fundi saa mmoja alipata njia ya kuyeyusha chuma cha pua ndani ya vyungu vya udongo, na mji ukazidi kuwa maarufu kwa visu na nyembe. Kwenye chuma waligonga jina la mwenye kiwanda. Aliyechonga mpini je? Hayupo.

Mipini ilikuwa ya pembe za ng'ombe, mifupa au mbao. Ya wenye pesa ilikuwa ya pembe za ndovu. Na hapo ndipo tunapoingia sisi. Karne ya 19 Zanzibar ilikuwa soko kubwa la pembe hizo. Wapagazi walizibeba mabegani kutoka bara hadi Bagamoyo, nyingine zikaishia kwenye vinanda na mipini ya visu huko Ulaya na Marekani. Wapagazi nao majina yao hatuna.

Miaka ya 1870 ikaja seluloidi, plastiki ya mwanzo iliyoiga pembe. Bei poa, ila ikizeeka inaoza na kutoa hewa yenye asidi, wembe unaliwa na kutu.

Ndiyo maana mafundi wanaookoa nyembe za zamani mara nyingi huanza na mpini. Wanatoa ribiti kuukuu, wanakata vibao viwili vya kama milimita 3, wanapiga msasa, wanatoboa, wanapitisha pini ya shaba na washa. Mwisho wa pili wanaweka kabari, la sivyo makali yanagusa ubao kila ukifunga. Pini inagongwa taratibu kwa nyundo ndogo. Ukizidisha tu, ubao unapasuka, unaanza upya!

Na moja ya mbao wanazozipenda ni mpingo wetu, mgumu na mzito hadi unazama majini.

Yaani jana mabega yetu, leo mti wetu, na jina kwenye wembe bado ni la tajiri yule yule.

Kwenu kuna wembe wa babu? Usiutupe. Uliza ulikuwa wa nani, andika jina lake. Tiririka hapo chini.