Jogoo, Tambala na Usingizi wa Majirani

Wiki mbili zilizopita sikulala vizuri, na majirani zangu hawakulala kabisa. Sababu ni jogoo.

Naishi Kyela mjini, chumba na sebule, nyumba ya wapangaji watano wenye ua mmoja. Mwezi uliopita nilikwenda Ipinda kumsalimia bibi. Wakati wa kuondoka akanishikisha jogoo mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba. Kwetu bibi akikupa kuku hukatai. Nikasema ndaga fijo, nikapanda gari naye mapajani.

Nilidhani nitamfuga siku mbili tatu kisha ataingia chunguni. Lakini yule ndege alikuwa mzuri, na mimi ni mtu wa huruma za kijinga. Nikamtafutia boksi, nikamweka kibarazani.

Saa tisa usiku akawika. Saa tisa na nusu akawika tena. Jogoo wa nyumba ya pili akajibu, wa nyumba ya tatu akadakia, na mtaa mzima ukaamka. Wahenga wanasema jogoo wa shamba hawiki mjini. Wahenga hawakumjua huyu.

Asubuhi ya siku ya nne nikakutana na jirani yangu bombani. Ni muuguzi, anafanya zamu za usiku, na siku ambazo hana zamu ndizo anazotegemea kulala. Nikamwamkia, "Ugonile, mama." Mnaojua Kinyakyusa mnajua kwamba salamu hiyo imetokana na kulala. Akaniangalia, akasema taratibu, "Dada mwandishi, usiniulize hivyo. Sijalala tangu Jumapili."

Niliona aibu. Jioni yake mama mwenye nyumba akanipa siku saba: jogoo achinjwe au ahame, la sivyo nihame naye.

Nikaanza kutafuta dawa. Nikamfunika boksi kwa khanga mbili ili asione mwanga. Akawika gizani. Nikamwekea dari fupi ili asiweze kunyoosha shingo. Akawika kwa sauti ya kukwaruza, mbaya kuliko ya kwanza. Nikamwingiza ndani, nikawa nawikiwa sikioni.

Baadaye nikasoma kwa nini khanga zangu hazikusaidia. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, waliwafungia majogoo kwenye mwanga hafifu usiobadilika usiku na mchana. Majogoo wakaendelea kuwika kwa mzunguko wao ule ule. Na kwa kawaida huanza kama saa mbili kabla ya kupambazuka. Saa imo mwilini mwake, haimo dirishani. Mwaka 2015 watafiti hao wakaongeza jambo jingine: majogoo wakiishi pamoja hawawiki ovyo. Anayeanza ni mkubwa wao. Wadogo husubiri, kisha hufuata kwa ngazi zao. Mkubwa akiondolewa, wa pili yake ndiye huanza.

Kumbukeni hilo la ngazi, tutalirudia.

Siku ya tano nikawa na kazi Kasumulu, pale mpakani. Kuna mzee mmoja mbadilisha fedha, mtu wa Karonga, huwa ananipa habari za upande wa pili. Nikamsimulia mkasa wangu. Akacheka mpaka akashika tumbo. "Huyo mpe jina la Kamuzu," akasema. Kisha akachakura mkobani, akanipa sarafu ndogo, kuukuu. Upande mmoja kichwa cha Dk. Hastings Kamuzu Banda. Upande wa pili, jogoo.

Ilikuwa tambala 1 ya Malawi.

Tangu siku hiyo nimesahau khanga na maboksi. Nimekuwa nasoma historia.

Tuanze na maneno. Tarehe 15 Februari 1971 Malawi iliacha pauni, ikaanza kutumia kwacha. Kwacha ni sawa na sisi tunavyosema kumekucha. Kwacha moja ina tambala 100, na tambala kwa Kichewa ni jogoo. Kwa hiyo aliyepanga fedha ile alisema, kwa hesabu tu, kwamba majogoo 100 ndio wanaofanya alfajiri moja. Ni hesabu nzuri. Tatizo ni kwamba siasa za wakati ule hazikuifuata.

"Kwacha" haikuanza kama fedha. Miaka ya 1950 ilikuwa kauli mbiu ya chama cha Nyasaland African Congress, kilichopinga Shirikisho la Rhodesia na Nyasaland lililoundwa mwaka 1953. Mtu akipaza sauti "Kwacha!" mkutanoni, alikuwa anasema usiku wa mkoloni umekwisha. Hapa kwetu ng'ambo ya Songwe watu waliielewa bila mkalimani. Wanyakyusa na Wangonde wa Karonga ni ndugu, lugha zao zinasikilizana, na mto uliwatenganisha kwenye karatasi tu, Wajerumani na Waingereza walipogawana nchi kwa mkataba wa mwaka 1890.

Tarehe 3 Machi 1959 gavana wa Nyasaland akatangaza hali ya hatari. Banda na wafuasi wake wakakamatwa usiku, na Congress ikapigwa marufuku. Mnajua operesheni ile ya kukamata watu Waingereza waliipa jina gani? Macheo! Watu wanasema kumekucha, serikali nayo inawajibu kwa macheo yake, yenye bunduki. Siku hiyo hiyo watu 20 waliuawa Nkhata Bay, huko huko kwenye ziwa letu. Tume ya Jaji Devlin ilihesabu Waafrika 51 waliouawa katika vurugu zile, na ikaandika kwamba Nyasaland imekuwa dola ya kipolisi.

Sasa anaingia mtu ambaye vijana wengi wa rika langu hawajamsikia: Orton Chirwa. Alikuwa mwanasheria, Mwafrika wa kwanza wa Nyasaland kufikia daraja la wakili wa mahakama za Kiingereza. Alipotoka kifungoni mwaka 1959, wakati Banda bado yuko gerezani Gwelo, yeye na wenzake wakaanzisha chama kipya, Malawi Congress Party. Chirwa akakishika kama rais wake, akimtunzia Banda kiti. Alama ya chama ikawa jogoo mweusi.

Fikirini uzuri wa alama ile. Watu wengi hawajui kusoma, lakini nani asiyemjua jogoo? Anaamsha nyumba nzima kabla jua halijatoka, na hadai mshahara. Wala Malawi hawakuwa peke yao. Zanzibar, chama cha ZNP kilikuwa na jogoo, mpaka Mapinduzi ya Januari 1964 yalipokiondoa. Kenya, KANU iliyoanzishwa mwaka 1960 ilichukua jogoo na kutawala naye kuanzia uhuru wa 1963 hadi 2002. Nairobi mpaka leo kuna barabara na jengo la serikali vyenye jina la Jogoo. Kizazi cha uhuru kilipotafuta kitu cha kusema "amkeni", kiliangalia uani, kikamwona huyu huyu anayeninyima usingizi.

Banda aliachiwa tarehe 1 Aprili 1960, na Chirwa akampisha. Uhuru ukaja tarehe 6 Julai 1964. Haikupita miezi mitatu, mawaziri wakagombana na Banda. Walitaka wasikilizwe kwenye baraza lao wenyewe. Chirwa, aliyekuwa Waziri wa Sheria, akafukuzwa kazi. Kanyama Chiume, Waziri wa Mambo ya Nje, naye akafukuzwa. Wote wawili walikimbilia kwetu Tanzania. Chiume, aliyesomea Tanganyika na kukimwaga Kiswahili kama mzaliwa, akawa mwandishi wa habari Dar es Salaam. Mwaka 1975 akachapisha kitabu cha maisha yake, na jina lake ni lile lile: Kwacha.

Nyumbani kwao, jogoo mmoja alibaki anawika. Mwaka 1966 Malawi ikawa nchi ya chama kimoja kisheria. Mwaka 1971, mwaka ule ule wa tambala, Banda akawa rais wa maisha. Kadi ya chama chenye jogoo ndiyo iliyokuruhusu kuingia sokoni au kupanda basi. Huna kadi, huna nauli hata kama unayo mfukoni.

Na Chirwa? Mkesha wa Krismasi 1981 yeye na mkewe Vera, mwanasheria pia, wakajikuta mikononi mwa vyombo vya usalama vya Malawi. Serikali ilisema waliingia nchini wenyewe. Wao walisema walitekwa upande wa Zambia. Walishitakiwa kwa uhaini mbele ya mahakama ya jadi, ambayo haikuruhusu mawakili. Wakili wa kwanza wa nchi ile akahukumiwa bila wakili! Mwaka 1983 wakapewa adhabu ya kifo, mwaka uliofuata ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Orton Chirwa akafia gereza la Zomba Oktoba 1992. Vera akaachiwa Januari 1993.

Nimesoma habari hiyo mara tatu na kila mara nasimama pale pale. Mtu aliyemlea jogoo yule kifarangani, akamkabidhi mwenzake kwa uaminifu, ndiye aliyefia kifungoni chini yake.

Tarehe 14 Juni 1993 Wamalawi wakapiga kura ya maoni. Swali lilikuwa moja: chama kimoja kiendelee au vije vyama vingi? Karatasi zilikuwa na picha. Jogoo mweusi kwa chama kimoja, taa ya chemli kwa vyama vingi. Zaidi ya asilimia 60 wakachagua taa, na kaskazini, upande huu wa Karonga, taa ilishinda kwa kishindo. Mei 1994 Banda akashindwa uchaguzi na Bakili Muluzi.

Napenda sana picha ile ya jogoo na taa. Jogoo anakwambia kumekucha, lazima umwamini. Taa haikwambii kitu. Inakuacha uangalie mwenyewe.

Kabla hatujawacheka jirani zetu, tujitazame. Sisi hatukuwa na jogoo, lakini kuanzia 1965 tulikuwa na chama kimoja kisheria, na wagombea ubunge wawili wa chama hicho hicho wakipewa alama ya jembe na nyumba. Tume ya Jaji Nyalali ilipozunguka nchi mwaka 1991, karibu asilimia 80 ya waliohojiwa walisema chama kimoja kinatosha. Vyama vingi vikaja hata hivyo, Julai 1992. Maana yake ni kwamba watu wanaweza kuizoea sauti moja mpaka wasiisikie tena kama kelele. Ndivyo ilivyo. Hapa mjini kuna baa inapiga muziki hadi majogoo, na sijawahi kuona mpangaji yeyote akipewa siku saba kwa ajili yake.

Wala jogoo wa Malawi hakufa mwaka 1994. Alikaa pembeni, akajifunza kuomba kura kama wengine. Mwaka 2020 alirudi Ikulu na Lazarus Chakwera, baada ya mahakama kufuta uchaguzi wa 2019, na Septemba 2025 akatolewa tena kwa kura, Peter Mutharika akashinda. Kuingia na kutoka bila mtu kufia Zomba. Kwangu mimi hiyo ndiyo habari kubwa kuliko nani alishinda. KANU nayo ilitoka kwa kura Desemba 2002. Utafiti wa Wajapani ulisema kweli: mkubwa akiondoka, mwingine huwika, na asubuhi huja vile vile.

Haya, na jogoo wangu?

Nilifikiria kupigania haki yake. Ufaransa kuna jogoo aliyeitwa Maurice, wa kisiwa cha Oléron, aliyeshitakiwa na majirani kwa kelele. Mwaka 2019 mahakama ya Rochefort ikampa ushindi, na mwaka 2021 nchi hiyo ikatunga sheria ya kulinda sauti na harufu za mashambani. Lakini Maurice alikuwa kijijini. Mimi niko kwenye ua wa wapangaji watano, na yule muuguzi ndiye atakayenichoma sindano siku nikiugua, nikiwa nataka mkono wake usitetemeke kwa usingizi.

Siku ya saba nikampeleka Ipinda. Nilijiandaa kugombezwa kwa kurudisha zawadi. Bibi akamfungua kamba, jogoo akajikung'uta, akatembea kuelekea migombani ambako kuna wenzake. Nikamweleza bibi yote, khanga, boksi, dari fupi. Akatikisa kichwa.

"Jogoo hana kosa," akasema. "Kosa ni lako uliyemweka peke yake karibu na masikio ya watu."

Nililala pale usiku ule. Saa tisa na kitu akaanza mkubwa wa mji, jogoo mzee mweusi wa bibi. Wangu alisubiri zamu yake, akawa wa tatu au wa nne. Kutoka mbali, katikati ya sauti nyingi, wala hakuwa na kelele. Nikageuka upande wa pili, nikalala.

Asubuhi bibi akaniuliza, "Ugonile?"

Nikamjibu, nimelala, bibi. Nimelala kweli.