Njia Mbili za Mkono Ziendazo Moyoni

Ewe msomaji, weka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wako, upande wa kidole gumba. Mpigo unaousikia hapo ni wa ateri, yaani mshipa uchukuao damu kutoka moyoni. Wataalamu huiita radiali. Upande wa kidole cha mwisho iko ndugu yake, iitwayo alna, nayo imejificha ndani zaidi. Ateri hizi hutengana karibu na kiwiko, kisha hukutana tena katika kiganja. Hivyo moja ikizibika, mara nyingi ya pili huweza kuulisha mkono wote. Leo madaktari hupitia humo kuufikia moyo ulio mgonjwa. Lakini njia hiyo ilikawia sana kukubaliwa, na sababu za kukawia kwake zafaa kujulikana.

Mwaka 1929, katika mji wa Eberswalde nchini Ujerumani, daktari kijana aitwaye Werner Forssmann alijipasua mkono penye kiwiko, akatia mrija mwembamba katika mshipa urudishao damu moyoni, akausukuma kiasi cha sentimita 65. Kisha akaenda kwa miguu hadi chumba cha eksirei, na picha ikaonyesha kuwa ncha ya mrija imo ndani ya moyo wake mwenyewe. Wakati ule hakupata sifa. Mwaka 1956 ndipo alipopewa Tuzo ya Nobel, pamoja na André Cournand na Dickinson Richards.

Hata hivyo, ateri ndogo zilishazo nyama ya moyo wenyewe hazifikiwi kwa mshipa wa namna ile. Hapana budi kupitia ateri. Mwaka 1958, huko Cleveland, Marekani, Mason Sones alifaulu kuzipiga picha ateri hizo kwa kutia dawa ndani yake. Yeye aliingia kwa kuipasua ngozi penye kiwiko na kuifunua ateri. Lakini tangu mwaka 1953 Sven-Ivar Seldinger wa Uswidi alikuwa amekwisha kuonyesha njia isiyohitaji kupasua: kuchoma kwa sindano, kupitisha waya, kisha kuuteleza mrija juu ya waya. Mwaka 1967 Melvin Judkins akaitumia njia hiyo kufikia ateri za moyo kupitia ateri kubwa ya paja, penye kinena.

Ateri ya paja ni pana, nayo hupokea mirija minene bila taabu. Ndiyo maana madaktari wengi waliipenda. Lakini iko ndani ya nyama, na ikivuja, damu yaweza kukusanyika ndani ya mwili pasipo kuonekana upesi. Mgonjwa naye hulazimika kulala chali kwa saa kadhaa. Radiali ni nyembamba, lakini iko karibu na ngozi, juu ya mfupa. Ukiibana, damu husimama.

Mirija ilipofanywa myembamba zaidi, mlango ukafunguka. Mwaka 1989 Lucien Campeau wa Montreal, Kanada, alitoa habari za wagonjwa 100 aliojaribu kuwapima kwa njia ya radiali. Mwaka 1992 Ferdinand Kiemeneij wa Amsterdam, Uholanzi, akaitumia si kwa kupima tu, bali kwa kuzipanua ateri zilizoziba, kwa mrija wenye upana wa milimita 2 hivi. Je, wadhani wote waliifuata mara moja? La. Mzoea punda hapandi farasi. Radiali huweza kujikaza na kuushika mrija, au kuziba baadaye, na aanzaye kujifunza hutumia muda mrefu zaidi. Wengi wakaona heri kubaki kinenani.

Ubishi wa namna hiyo haumalizwi kwa maneno, bali kwa hesabu. Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi ulioitwa RIVAL, uliowahusu wagonjwa 7,021 katika nchi 32. Kwa jumla ya madhara makubwa, njia hizo mbili hazikupitana. Lakini mkusanyiko mkubwa wa damu mahali palipochomwa uliwapata wagonjwa 42 kati ya 3,507 wa mkononi, na 106 kati ya 3,514 wa kinenani. Mwaka 2015 wataalamu wa moyo wa Ulaya wakashauri kwamba penye madaktari walioizoea radiali, hiyo itangulie.

Je, alna? Nayo ilipimwa. Nchini Ugiriki uchunguzi uliotangazwa mwaka 2013 ulikatizwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa walioanzia alna walilazimika mara nyingi zaidi kubadilishiwa njia. Alna iko ndani, jirani na neva, na kuibana si rahisi. Lakini mwaka 2016 uchunguzi wa India, uliofanywa na madaktari walioizoea alna, uliwaonyesha wagonjwa zaidi ya 2,500 ambao kwao alna haikuwa duni kuliko radiali. Usidhani kwamba habari hizi mbili zapingana. Za Ugiriki zatuambia ni ipi iliyo nyepesi kushikwa; za India zatuambia ujuzi waweza kufanya nini. Basi radiali ikitangulia, alna hubaki kuwa njia ya pili, na akiba haiozi.

Unaposoma historia ya utabibu, usitazame tu ni nani aliyetangulia kugundua. Uliza pia ni nani aliyepata nafuu kwa njia iliyochaguliwa. Kwa miaka mingi njia pana ilisifiwa kwa kuwa ilimrahisishia daktari kazi. Nyembamba ilishinda pale ilipohesabiwa damu ya mgonjwa.