Gari inamisi njiani, kwa muuzaji inatulia: ufanyeje?

Unapandisha Sekenke gari inamisi, ukifika kwa muuzaji imetulia kama maji ya mtungi. Fundi anaizungusha mtaani, anakwambia haina tatizo. Huku waranti inakwisha.

Hapo unahitaji ushahidi. Kila ikisumbua andika tarehe, kilomita za kwenye dashibodi, injini ilikuwa ya moto au baridi, mlima au tambarare. Taa ya injini ikiwaka, irekodi kwa simu. Usichomoe betri ili taa izime (kosa la wengi hili). Kompyuta ya gari hutunza namba za hitilafu na hali ya injini wakati ule, na ukichomoa zinaweza kufutika.

Omba fundi apande na wewe, mashine ya kupimia ikiwa imechomekwa, mtafute kilima. Kila ukipeleka gari dai karatasi ya kazi yenye malalamiko yako na kilomita, hata wasipoona kitu. Ndiyo itakayoonesha kwamba ulilalamika waranti ikiwa hai.

Wakigoma, andika barua, ubaki na nakala iliyogongwa mhuri. Malalamiko ya mlaji yanapokelewa na Tume ya Ushindani (FCC), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003.