Kasenyi, pwani ya watu wa Bunia

Mwaka 1922 Kanisa Katoliki lilipoanzisha eneo jipya la kimisioni katika nchi yetu ya Ituri, halikulipa jina la Bunia. Lililiita Ziwa Albert. Jina hilo likadumu hadi Novemba 1959, eneo lilipofanywa jimbo kamili na kuitwa Bunia. Wakati ule mgeni aliijua Ituri kwa mlango wake, na mlango ulikuwa chini kule, ufukweni Kasenyi. Hata makao ya serikali yalikuwa Irumu kwanza. Bunia ilikuja kukua baadaye.

Siku hizi mambo yamegeuka. Mtu wa Bunia akisikia Kasenyi, kinachomjia kichwani ni samaki, kisha vita, kisha kipindupindu. Hatuwatendei haki watu wa kule. Nguo, chumvi, sabuni, vyuma vya mgodi, kitoweo cha kila siku, na sehemu kubwa ya habari za dunia, vyote vilipanda kwetu kutoka pale, na mara nyingi vilipanda juu ya kichwa cha mtu.

Barabara inatoka Bunia, inapita Bogoro baada ya kilomita kama 25, halafu inaanza kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa. Bunia iko zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Ziwa liko mita 619. Unaondoka na koti, unafika umelivua. Mbele yako ni maji mpaka Uganda, kilomita 30 na ushei kwa upana, na anga ikiwa safi milima ya Bunyoro huonekana ng'ambo. Kuna mchanga, mawimbi, upepo wa usiku unaozamisha watu kila mwaka, mitumbwi iliyopinduliwa ikisubiri lami, na watu wanaobishana bei kwa Kihema, Kilendu, Kialuri na Kiswahili. Ni pwani kwa kila kitu isipokuwa kwamba maji yake hayana chumvi, na jambo hilo la chumvi tutalirudia.

Watu wa pwani ya bahari nao walifika. Desemba 1887 Henry Morton Stanley alitokeza kutoka msitu wa Ituri akiwa na wapagazi aliowaandika Unguja. Alikuwa akimtafuta Emin Pasha, gavana wa Jimbo la Ikweta la serikali ya Misri, aliyekwama kaskazini mwa ziwa. Walifika ufukweni mikono mitupu: boti yao ya chuma walikuwa wameiacha nyuma msituni, na hapakuwa na chombo cha kuwatosha. Wakarudi walikotoka. Mwezi Aprili 1888 boti hiyo, iliyoitwa Advance na kubebwa mabegani vipande vipande, iliunganishwa na kusukumwa majini. Nahodha wake katika safari ile alikuwa Uledi, mwana wa pwani aliyekwisha kulikata bara hili na Stanley zaidi ya miaka kumi kabla. Sanamu za mabwana wa msafara zimejengwa Ulaya. Waliobeba chuma kile toka Kongo ya chini hadi Ziwa Albert, wengi wao hawakuiona Unguja tena.

Emin akaja kwa meli yake ya moshi, Khedive, mwishoni mwa mwezi huohuo. Mwaka uliofuata, tarehe 10 Aprili, msafara wote uliondoka kwa Kavalli, chifu aliyewapokea kwenye uwanda ulio juu ya ziwa, ukaelekea Bagamoyo. Historia za shule huishia hapo. Kwa maoni yangu, huko ndiko inakoanza sehemu tamu, kwa sababu si wote walioondoka.

Askari wa Emin waliobaki, wengi wao watu wa Sudani ya kusini, walifanya makazi kwa Kavalli chini ya afisa wao Selim Bey. Walikuwa wameoa katika nchi walizopitia, wamezaa, wamechukua watumishi. Walilima, na walivaa nguo za pamba waliyoilima na kuifuma wenyewe, maana Misri ilikuwa imewasahau. Septemba 1891 Mwingereza Frederick Lugard aliwafuata akitaka askari wa kuishika Uganda. Aliondoka na watu wapatao 8,000, na wenye bunduki kati yao walikuwa mia kadhaa tu. Waliosalia walikuwa wanawake, watoto, wazee na watumwa. Fikiria umati huo ukishuka mlima na kuambaa na bonde la Semliki, vyungu vichwani, watoto mgongoni. Wazao wao ndio Wanubi wa Bombo nchini Uganda na wa Kibera mjini Nairobi, wale waliopewa na serikali ya Kenya hati ya ekari 288 mwaka 2017 baada ya kuidai kwa zaidi ya miaka mia. Baadhi ya mabibi zao walizaliwa huku kwetu. Hakuna kibao chochote barabarani kinachosema hivyo.

Turudi kwenye chumvi. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Uganda, chini ya ukingo ule ule wa bonde, kiko kijiji cha Kibiro. Chemchemi za maji moto huleta chumvi kwenye udongo wake, na wanawake wameichuma kwa karne nyingi. Mwanaakiolojia Graham Connah alipochimba pale mwishoni mwa miaka ya 1980 alikuta kazi hiyo ina umri wa miaka mia kadhaa. Namna yake ni hii. Mama ana shamba lake la chumvi, alilorithi kwa mama yake. Hutawanya udongo mkavu juu ya ardhi yenye unyevu, jua likavuta chumvi juu, naye akaukwangua udongo ule na kuurudia siku baada ya siku mpaka ukolee. Kisha huujaza katika chungu kilichotobolewa chini, humimina maji, na yanayodondoka huchemshwa juu ya kuni hadi chumvi ishikamane. Ardhi ya Kibiro haizai chakula cha maana, kwa hiyo chumvi ilinunua muhogo, mtama na vyungu. Mitumbwi iliivusha mpaka upande wetu. Muda mrefu kabla ya mzungu kuchora mpaka katikati ya maji, akina mama wa pande mbili walikuwa wanajuana kwa bei.

Mwaka 1903 dhahabu ikapatikana Kilo, huku Ituri, katika mto Agola, na miaka miwili baadaye uchimbaji ulianza. Hapo ufukwe wetu ukapata kazi nyingine. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu Desemba 1901. Mzigo ulipanda reli, ukavuka Ziwa Victoria, ukapita bara hadi Butiaba, bandari ya upande wa Uganda, ukavuka Ziwa Albert, ukatua Mahagi au Kasenyi. Njia hiyo ilikuwa fupi kuliko kuzunguka kwa Matadi na mto Kongo. Hivyo dhahabu ya Wabelgiji ililishwa kwa njia ya Waingereza, na aliyeunganisha njia hizo mbili alikuwa mpagazi. Kabla ya magari, kila mashine, kila gunia la mchele, kila kreti ya mvinyo ya bwana mkubwa ilipanda mlima ule kichwani mwa mtu aliyeandikwa na chifu wake kwa amri. Watu walitoroka vijijini usiku waandikishaji wakikaribia. Dhahabu iliyotoka Kilo imehesabiwa kwa kilo na gramu. Migongo iliyovunjika haikuwa na safu yake katika daftari.

Mgodi ulihitaji pia kulisha maelfu ya vibarua, na kitoweo cha bei nafuu kisichooza haraka ni samaki mkavu. Hapo ndipo Kasenyi ikawa mji. Wafanyabiashara wa kizungu walileta boti na nyavu ndefu. Wavuvi wa kienyeji wakawa vibarua wao au washindani wao, kutegemea msimu. Sangala, samaki ambaye sisi humwita kapiteni, hupasuliwa mgongoni toka kichwa hadi mkia, akafunguliwa kama kitabu, akatolewa matumbo. Kisu hupita tena kukata mistari kwenye mnofu ili chumvi iingie. Hupakwa chumvi pande zote, hulazwa juu ya wenzake usiku kucha maji yamtoke, na asubuhi huanikwa. Mvua ikinyesha siku hiyo, hasara. Wanaume walishika maji, wanawake walishika kisu na jua, na mgawanyo huo haujabadilika sana mpaka leo.

Mwaka 1930 iliingia majini meli ya Robert Coryndon, iliyopewa jina la gavana wa Kiingereza na kuunganishwa Butiaba. Ilikuwa na vyumba, ukumbi wa kulia na watumishi waliovaa kanzu nyeupe, na watalii waliotoka Misri kwenda Kongo waliisifu sana. Ziwa hili lina bahati ya kupendwa na wageni mashuhuri. Waliotengeneza filamu ya The African Queen walipiga picha Butiaba mwaka 1951, na Ernest Hemingway alinusurika ajali ya ndege hapohapo mwaka 1954. Tukiandika historia ya ziwa kwa kuwafuata watu hao, tutakosa kumwona mama wa Kasenyi anayesubiri gatini na sinia la ndizi na samaki wa kukaanga, wala kuli anayelipwa kwa kila gunia. Meli haiendi bila kuni wala bila makuli.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mvua zilizidi, ziwa likapanda, gati za Butiaba zikafunikwa na Robert Coryndon ikaishia hapo, chuma kikila kutu kwa miaka hamsini hadi walipokuja wauza vyuma chakavu. Kongo ilikuwa imepata uhuru, Wazungu wengi wa Kasenyi wakaondoka, na mwaka 1973 ziwa lenyewe likapewa jina la Mobutu Sese Seko. Mobutu hakushinda ufukweni. Biashara ilirudi mikononi mwa watu wadogo wenye boti za mbao na mashine za nyuma: samaki na mbao kwenda Ntoroko upande wa Uganda, sukari, magodoro na mafuta kuja Kasenyi, hela za nchi mbili mfukoni mwa mtu mmoja.

Kisha vita vikaja. Vinajulikana, na waliovipitia wako hai, kwa hiyo sitavirefusha. Tarehe 24 Februari 2003 Bogoro ilishambuliwa, raia wakauawa kwa wingi. Mahakama ya The Hague ilimhukumu kamanda wa wanamgambo Germain Katanga kwa shambulio hilo mwaka 2014. Tarehe 31 Mei mwaka uleule wa 2003 ilikuwa zamu ya Tchomia, jirani wa Kasenyi. Anayeishika Bogoro anaishika njia ya ziwani. Njia ikifungwa, sokoni Bunia samaki anapotea kwanza, chumvi na sabuni zinafuata. Mafuta yaliyo chini ya ziwa nayo yakaleta ugomvi wake mwaka 2007, Kongo na Uganda zikigombania Rukwanzi, kisiwa ambacho wavuvi walikuwa wakianikia nyavu bila kuulizwa pasipoti. Marais walikutana Ngurdoto, Tanzania, mwezi Septemba na kutia saini makubaliano.

Kati ya Desemba 2017 na Machi 2018, mauaji yalipoanza tena huku Djugu, makumi ya maelfu ya watu walilivuka ziwa hadi Sebagoro, Uganda. Waliowavusha ni wavuvi, katika boti zilizojengwa kubeba samaki, zikijazwa watu hadi kingo zake zikaribie maji. Wengine walitozwa nauli, wengine walivushwa kwa undugu, na wengine walizama.

Ziwa lilipanda tena mwaka 2020 na kuingia majumbani Kasenyi na Tchomia. Nyumba zilizokuwa mstari wa pili zikawa mstari wa kwanza, na wenye nyumba wakahamia juu kidogo kwa jamaa. Soko la samaki nalo lilisogea. Wanunuzi wa Bunia walilifuata liliposogea, pikipiki zao zikiwa zimefungwa vikapu viwili nyuma, kila mmoja akitaka kuwahi kuupanda mlima kabla jua halijakuwa kali, maana kapiteni mbichi hasubiri.